Kabla hujamkubalia mtoto paka, fikiria Januari

"Mama, nimepewa tu."

"Umepewa na nani?"

"Bibi. Amesema kwake wako watano, hana pa kuwaweka."

Mazungumzo ya aina hii husikika kila shule zinapokaribia kufunguliwa, watoto wanaposhuka kutoka kwa bibi zao Mbaga, Chome au Vudee na kurudi Same mjini. Begi linafunguliwa, madaftari hayaonekani, yumo paka wa wiki tano. Mzazi aliyechoka na nauli anakitazama kile kiumbe, anautazama uso wa mwanawe, na mara nyingi anakubali kwa sababu moja tu: hakijanunuliwa.

Hapo ndipo hesabu inapopotea. Wapare wanataniwa nchi nzima kwa kujua kubana matumizi, lakini hata nyumba inayokumbuka bei ya kila kilo ya maharage husahau kwamba mnyama wa bure anakula kila siku, anaugua, anazaa, na anaishi miaka mingi. Paka anayetunzwa vizuri hufika miaka 12 hadi 15. Mtoto wa darasa la pili aliyemleta kwenye begi anaweza kuwa amemaliza chuo na kuondoka nyumbani, paka bado yuko jikoni kwa mama akidai dagaa wake.

Kwa hiyo mzazi asianze kwa kuuliza mnyama anauzwaje. Aanze na Januari. Huo ndio mwezi wa ada, sare, viatu na michango, wakati akiba imeishia kwenye sikukuu. Mnyama ambaye nyumba inaweza kumlisha na kumtibu Januari ndiye wa kuchukua. Anayewezekana Desemba tu, heri abaki kwa bibi.

Swali la pili ni nani atafanya kazi. Watoto huahidi yote: kusafisha, kulisha, kuchota maji. Wanasema kweli kwa muda wa wiki mbili. Mtoto wa miaka 7 anaweza kujaza bakuli la maji akikumbushwa; hawezi kuachiwa uhai wa kiumbe mikononi. Mzazi anayesema ndiyo ajue kwamba mwenye mnyama ni yeye, na mtoto ni msaidizi wake.

Hali ya hewa nayo ina neno. Wilaya ya Same ni moja, lakini mji uko chini, kwenye ukavu na joto, na juu yake milima inapanda hadi kilele cha Shengena chenye mita 2,462, kwenye ukungu na baridi. Mnyama anayestawi Mamba Miamba kwenye mashamba ya tangawizi anaweza kuteseka Hedaru au Makanya. Ushauri wa shangazi wa mlimani ni mzuri kwa mlimani.

Paka, mpangaji anayelipa kodi

Kwa nyumba nyingi za Upare, paka ndiye chaguo la kwanza na si kwa sababu ya mapenzi tu. Nyumba ikiwa na magunia ya mahindi ina panya. Hata mifuko ile isiyopitisha hewa, ambayo wakulima wengi wameipokea kwa sababu inaua wadudu bila dawa, haina kinga dhidi ya meno ya panya. Tundu moja tu na hewa imeingia. Paka mmoja mzuri hulinda chakula cha miezi.

Panya huleta pia maradhi. Lushoto, ng'ambo ya bonde la Mkomazi, ilisumbuliwa na tauni kuanzia 1980 kwa zaidi ya miaka 20, ugonjwa unaotoka kwa panya na kumfikia mtu kwa kuumwa na viroboto. Paka si dawa ya tauni, kwani yeye mwenyewe anaweza kuugua na kuuleta nyumbani. Panya wakionekana wanakufa ovyo bila sababu, watoto wasiwaguse, paka afungiwe ndani, na taarifa ipelekwe kituo cha afya. Lakini katika siku za kawaida, nyumba yenye panya wachache ni nyumba salama zaidi.

Paka wa kuchukua ni yule aliyekaa na mama yake hadi wiki 8 au zaidi. Wa wiki tano, kama yule wa kwenye begi, bado alitakiwa kunyonya, na bado hajafundishwa kukamata wala kucheza bila kuuma. Kama mama yake ni mwindaji, uwezekano ni mkubwa kwamba mtoto naye atakuwa. Macho yawe maangavu bila tongo, masikio yasiwe na uchafu mweusi, tumbo lisivimbe kama mpira kwa minyoo. Anayekimbia na kujificha kabisa kila anapoona mtu atachukua miezi kuzoea nyumba yenye watoto.

Wiki mbili za kwanza akae ndani. Paka akiachwa nje siku ya pili, hupotea njiani akitafuta alikotoka. Choo chake ni karai la zamani lenye mchanga mkavu au majivu, na Same mchanga mkavu ni bure. Kazi ya kuusafisha isifanywe na mama mjamzito, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Kama hakuna mtu mwingine, avae glavu au mfuko wa nailoni na anawe kwa sabuni.

Kuna imani kwamba paka akishiba hawindi. Si kweli. Paka huwinda kwa asili yake hata akiwa ameshiba, na mwenye njaa huhamia kwa jirani mwenye sufuria isiyofunikwa. Dagaa wachache kwa siku, waliolowekwa kutoa chumvi na kuchemshwa, pamoja na ugali kidogo, na siku ya perege wa Nyumba ya Mungu, vichwa vyao vilivyochemshwa vikaondolewa miiba mikubwa, vinatosha kumweka nyumbani. Ugali mtupu haumtoshi. Mwili wa paka unahitaji nyama au samaki. Maziwa si lazima, na paka wengi wakubwa huwaharisha.

Sumu ya panya na paka havikai nyumba moja. Panya aliyekula sumu hutembea ovyo, paka humdaka kwa urahisi, na baada ya siku mbili paka naye anavuja damu. Nyumba ichague kimoja, na iwaulize majirani wanatumia nini.

Hatari nyingine iko kwenye kabati la dawa. Paka akiumwa, mtoto mwenye huruma anaweza kumpa kipande cha Panadol. Dawa hiyo humuua paka, hata nusu kidonge. Vivyo hivyo dawa za kuogeshea ng'ombe, ambazo nyumba nyingi zenye mifugo huwa nazo. Baadhi yake hupakwa mbwa bila shida, lakini paka akipakwa hutetemeka, huishiwa nguvu na kufa. Kama viroboto wamezidi, duka la dawa za mifugo liulizwe wazi: je, hii ni ya paka? Muuzaji akisita, mteja aondoke.

Kwa gharama, kubwa kuliko zote ni watoto wa paka. Jike anaweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka, na ndiyo maana bibi ana watano asiojua pa kuwaweka. Nyumba isiyo na uwezo wa kumfunga jike uzazi ichukue dume, na amwone daktari wa mifugo amhasi akifika miezi sita. Dume aliyehasiwa hapigani sana, hazururi mbali, na hakojoi kwenye mapazia.

Sungura: amueni mapema kama ni kitoweo

Sungura huonekana mnyama rahisi kuliko wote. Anakula majani, hapigi kelele, anashikika. Tatizo lake la kwanza si chakula, ni ukweli. Katika nyumba nyingi sungura ananunuliwa kwa jina la rafiki wa mtoto, na siku wageni wanapokuja anaonekana kwenye sufuria. Mtoto aliyempa jina na kumlisha kwa mkono miezi minne hasahau hilo, hata akikua na kulisimulia akicheka. Kama sungura ni mradi wa nyama, hakuna aibu. Watoto waambiwe tangu siku ya kwanza, na wasihimizwe kuwapa majina. Kama ni rafiki, abaki rafiki hata nyama ikipanda bei.

Kwa nyumba za Wasabato, na Upare wa Kusini una nyingi tangu wamisionari wa kanisa hilo walipofika mwaka 1903, swali hilo limekwisha jibiwa. Sungura yumo kwenye orodha ya wanyama najisi katika Mambo ya Walawi, kwa hiyo sungura wa nyumba hiyo ana nafasi nzuri ya kufa kwa uzee, akiwa na miaka 8 au zaidi.

Adui wa sungura pale mjini ni joto. Hana uwezo wa kutoa jasho kama mtu, na joto likizidi nyuzi 30 huanza kuhema akiwa amelala chali cha ubavu, masikio yakiwa yamelegea. Banda la bati juani ni tanuri. Liwekwe upande wa nyumba usiopigwa jua la mchana, lizibwe juu kwa makuti, nyasi au magunia, na mchana wa joto kali awekewe kigae kikubwa cha chungu kilicholowanishwa alalie. Maji yasikatike. Sungura mmoja anaweza kunywa robo lita kwa siku, jike anayenyonyesha zaidi ya hapo, na kwa mtaa unaosubiri maji kwa zamu hesabu hiyo ifanyike kabla, hata kama bomba la mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe limefika karibu.

Mlimani adui ni unyevu. Huko sungura hafi kwa joto, hufa kwa mafua na kuharisha kwenye banda lililolowa mkojo na mvua. Sakafu iinuliwe, iwe ya fito au waya wenye matundu madogo ili kinyesi kianguke chini, na iwe na kona ya ubao mtupu ya kupumzishia miguu. Mabanzi ya mashine ya mbao yanatosha kabisa; fundi wa kabati hahitajiki. Kinyesi kinachoanguka ni mbolea nzuri ya mboga, na hapo sungura anaanza kurudisha alichokula.

Chakula chake kikuu kiwe nyasi, zile zilizokatwa na kuachwa zinyauke kidogo kivulini, si mbichi zenye umande. Matembele ni mazuri. Kabichi ikizidi humvimbisha tumbo. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya asipewe, kisamvu kibichi vilevile, na kwa watu wa milimani lipo moja la kukumbuka zaidi: majani ya mparachichi ni sumu kwake. Watoto wanaotumwa kuchuma majani ya sungura waonyeshwe kila mti kwa kidole, siyo kuelezwa tu.

Na anayenunua majike wawili sokoni awageuze kwanza, au atafute mtu anayejua kutofautisha. Mimba ya sungura ni siku 31. Familia nyingi zimepata majike wawili ambao mmoja wao alikuwa baba.

Simbilisi, wale wanyama wanene wadogo wasio na mkia wanaofugwa sana Nyanda za Juu Kusini, ni wapole kuliko sungura na hawarukiruki. Mtoto wa miaka sita anaweza kumpakata akiwa amekaa chini. Shida ni kwamba mwili wao hautengenezi vitamini C, kama ulivyo wa binadamu. Wanataka jani bichi kila siku ya mwaka. Mlimani hilo si tatizo. Same mjini mwezi wa Septemba, wakati kila kitu kimekauka, jani bichi linanunuliwa.

Njiwa hugharimu kidogo sana na hujitafutia. Lakini nyumba inayovuna maji ya mvua kwenye bati, na hizo ni nyingi, itafakari mara mbili kabla ya kuweka njiwa juu ya paa hilohilo. Kinyesi chote huoshwa na mvua ya kwanza kuelekea kwenye tangi.

Wa porini waachwe porini

Watoto wa Kisiwani, Maore na Ndungu huokota kobe. Wengine huletewa kasuku, komba au mtoto wa ngedere ambaye mama yake ameuawa shambani. Kobe anapendeza na hali sana, na mzazi huona ni mnyama wa gharama nafuu kuliko wote. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumfuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa, na faini yake haifanani na bei ya kobe. Zaidi ya sheria, kobe hubeba vijidudu vya kuharisha kwenye gamba, na ngedere mdogo anayechekesha leo akikomaa huuma. Arudishwe alikookotwa, au ofisi ya wanyamapori ipewe taarifa.

Mbwa, na sindano isiyokatwa kwenye bajeti

Kwa mbwa, makosa huanza na tamaa ya mbegu. Mtu anaona picha ya mbwa mkubwa wa Kijerumani kwenye simu, anaagiza Moshi au Arusha, na miezi sita baadaye analisha mnyama anayekula kuliko mtoto wa sekondari huku akihema kwenye joto la Same. Mbwa wa kienyeji mwenye kilo 15 hivi, manyoya mafupi, aliyezoea jua, ni mlinzi wa kutosha. Hata yeye si wa bure. Anahitaji takriban robo kilo ya unga kwa siku au kitu chenye uzito wa chakula hicho, yaani kilo 7 hadi 8 kwa mwezi. Kwa mwaka hilo linakaribia gunia la mahindi. Ukoko, mabaki ya ugali na pumba vitapunguza gharama, na dagaa wa bei ya chini au mifupa laini ya supu itaongeza nguvu. Makande yaliyobaki anaweza kula, ila yasiwe na vitunguu vingi, kwani vitunguu huharibu damu ya mbwa na ya paka.

Mapafu na maini ya machinjioni yachemshwe, hata kama mbwa anayataka mabichi. Ndani yake hukaa malengelenge ya maji yenye minyoo ambayo mbwa akiyala huirudisha nyumbani, na mtoto anayemshika kisha akala bila kunawa anaweza kuipata na kuota uvimbe ini au mapafuni. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu ni ya bei ndogo, na humlinda pia mtoto anayecheza pekupeku uani.

Mbwa asifungwe mnyororo mchana kutwa. Anayeishi kwenye mnyororo huwa mkali kwa kila mtu, wakiwemo watoto wa nyumbani. Waya mrefu uliotandazwa kati ya miti miwili, mnyororo ukiteleza juu yake, humpa nafasi ya kutembea bila kutoka uwanjani. Katika nyumba za Kiislamu mbwa hukaa nje na vyombo vyake ni mbali. Hilo halimnyimi haki yake ya kivuli, maji na chakula, na watoto wafundishwe hivyo.

Gharama nyingine zote zinaweza kubanwa, kasoro moja: chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna hospitali yenye dawa ya kumrudisha, si Same, si Muhimbili, si Ulaya. Lakini mtu aliyeng'atwa akichanjwa mapema anapona kabisa, na mbwa aliyechanjwa hana cha kumwambukiza mtoto.

Mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Paka naye achanjwe. Wa kumwona ni afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya wilaya, na mwezi Septemba sehemu nyingi hufanya kampeni karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28, wakati mwingine bila malipo. Mbwa apelekwe na mtu mzima akiwa amefungwa kamba imara. Paka abebwe kwenye kapu lenye mfuniko. Watoto wadogo wasitumwe kupeleka mbwa wenyewe, kwenye foleni ya mbwa wasiojuana.

Wapo wanaosema, mbwa wangu hatoki, kwa nini nichanje? Mbwa wa jirani anatoka. Mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Chini ya hapo kila nyumba inategemea bahati. Kwa watu wa Same kuna sababu ya ziada. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2008, imekuwa makao ya mradi wa kuzalisha mbwa mwitu, wanyama walio hatarini kutoweka, na magonjwa ya mbwa wa vijijini huwafikia. Serengeti ililipa bei hiyo mwaka 1994, pale ugonjwa wa distempa uliohusishwa na mbwa wa nyumbani ulipoua karibu theluthi moja ya simba wake. Mbwa anayefuata watoto machungani pembezoni mwa Mkomazi si wa nyumba moja tu.

Mtoto akiumwa

Jambo la kwanza ni maji na sabuni, palepale, na kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Hata kama maji ni ya kununua. Kidumu chenye tundu kinatosha kutiririsha. Mafuta ya taa, pilipili na majani yaliyotwangwa yasiguse kidonda, na kisifungwe kwa kubana. Kisha kituo cha afya siku hiyohiyo, siyo kesho baada ya kuona kama kitavimba. Chanjo ya mtu hutolewa zaidi ya mara moja kwa siku zilizopangwa, na ratiba ikianza imalizwe, hata kama nauli ya kushuka kutoka Suji au Gonja inauma na mtoto anaonekana mzima.

Mbwa au paka aliyeuma asiuawe haraka na kutupwa korongoni kama anaweza kufungiwa salama. Afisa mifugo aambiwe, na mnyama aangaliwe kwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya hapo, daktari ataamua kama sindano zilizobaki zinahitajika. Asiyejulikana alikotoka, anayetokwa mate, aliyebadilika sauti, anayeshindwa kumeza, au mpole aliyegeuka mkali ghafla, asisogelewe na mtu yeyote. Vivyo hivyo mkali aliyegeuka mpole na mzito, hali ambayo huwadanganya watoto wakamhurumia na kumpapasa.

Kuna sababu moja inayochelewesha watoto kufika hospitali ambayo haihusiani na pesa. Mtoto huficha. Anajua alikatazwa kumchezea mbwa wakati anakula, au kuchukua watoto wa mbwa mama yao akiwa karibu. Anaogopa kuchapwa, na anaogopa zaidi kwamba mbwa atauawa kwa ajili yake. Anaosha damu kwa mate na kuvaa soksi ndefu. Mkwaruzo wa jino usiotoa damu nyingi ndio rahisi zaidi kuufunika. Kwa hiyo ahadi itolewe mapema, siku mnyama anapoingia nyumbani, na mzazi aitimize kweli: atakayesema ameumwa au kukwaruzwa na mnyama wowote, wa kwao au wa njiani, hatachapwa. Bibi naye aambiwe, na shangazi, na dada wa kazi, na kaka anayechunga mbuzi, kwa sababu saa nne za asubuhi mama akiwa sokoni hao ndio watakaoonyeshwa kidonda kwanza.

Kadi ya chanjo ya mbwa iwekwe kwenye bahasha moja na kadi za kliniki za watoto. Siku inapohitajika, mtu anayeitafuta huwa na mikono inayotetemeka, na huwa hakuna muda wa kupekua makabati.